Mshale Sakafuni

Wamekuja vijana watatu na jicho la duara
juu ya miguu mitatu ya chuma.
"Nyanya Dorsila," wananiambia kwa adabu,
"tutaipiga nyumba picha yote, pembe kwa pembe,
kisha mtu aliye Busia au Toronto
ataingia bila kubisha hodi."

Bila kubisha hodi.
Ndivyo walivyoingia askari mwaka ule,
lakini sikusema. Nilichemsha chai.

Kaloleni, nyumba ya mawe. Vigae vyekundu
vilivyobaki ni vya kuhesabika.
Nyuma yetu wameshazungushia mabati ya buluu,
na mhandisi hupita kila Jumanne
akitupima kwa macho, kama mtu apimaye sanda
ya mgonjwa ambaye bado anaomba uji.

Hapa, nawaonyesha, ndipo alipolala baba,
Nashon Amukoya, katibu wa makuli wa stesheni.
Si kitandani. Hapa, karibu na mlango wa nyuma,
viatu miguuni,
miezi minne ya mgomo.
Na doa hili jeusi lililoishinda sabuni
ni wino wa mashine ya kunakili
iliyozungushwa usiku, imefunikwa blanketi isilie.
Kijana mmoja anapiga magoti, analigusa
kama agusaye paji la mtoto mwenye homa.
Doa limepewa namba: kumi na saba.
Ukilibonyeza, anasema, maandishi yatafunguka
na sauti itasoma.

Sauti ya nani?

Wamemwajiri mwigizaji. Sauti nzito, ya redio.
Baba alikuwa na kigugumizi.
Neno "mshahara" lilimkwama midomoni
na watu mia tisa, wamesimama juani, walilingoja
mpaka litoke,
wala hakuna aliyemsaidia kulimalizia.
Hotuba yenyewe ilikuwa hiyo.

"Na jiko?" nauliza.
Wanatazamana. Jiko halimo kwenye mpango,
lina giza, miguu ya chuma haitaenea.
Basi nikasimama mlangoni na ufagio wangu.
Mgomo haulipi, wanangu. Mnadhani ulikula nini?
Mama yangu Rispa alikaanga mandazi tangu saa tisa usiku,
na orodha ya wanachama, majina elfu moja na zaidi,
ililala ndani ya debe la unga wa wimbi.
Askari alitumbukiza mkono hadi kiwiko,
akautoa umevaa soksi ya unga, mtupu.
Mama akammiminia maji anawe.

Jiko likapigwa picha.

Wiki tatu baadaye mjukuu wangu Ayuma
ananishikisha simu. Nyumba imo kiganjani.
Mishale myeupe imelala sakafuni:
nagusa, napelekwa; nagusa, nageuzwa.
Hakuna mlango unaovimba kwa mvua.
Hakuna harufu ya mafuta ya taa,
wala ile baridi ipandayo kutoka kwenye saruji
alfajiri, kabla ya king'ora cha karakana.
Nimepita katikati ya meza kama pepo.
Wageni mia nne na sita wameshapita, simu inasema.
Hakuna aliyeketi.

Chumbani kwa mama nageuza picha polepole,
nafika kwenye kioo cha kabati.
Walituomba sote tutoke, nyumba ibaki peke yake.
Lakini mle kiooni, pembeni kabisa,
ukungu wenye rangi ya leso yangu,
kuna bibi na sinia la vikombe
anachungulia kuuliza nani hanywi sukari.

"Tutamfuta," kijana ameandika. "Ni kosa dogo tu."
Nimemjibu mwenyewe, herufi kwa herufi,
kidole kikitetemeka, Ayuma akitaka kunisaidia,
nami nikimkataza:
m u a c h e n i.

Mhandisi amekuja tena leo.
Leo ni Alhamisi. Si siku yake.